Hesabu yenye zero kumi na moja

Mama mmoja wa hapa Kamina aliniletea sanduku lenye noti 12 za zaire 5.000.000, zenye mwaka 1992. Akauliza: «Padri, hizi ni falanga ngapi? Nataka kuwagawia watoto wangu saba.»

Mwaka 1993 zaire 3.000.000 za zamani zilihesabiwa kuwa zaire mpya 1 (watu wa Kasai waliikataa, wakashika zile za zamani). Mwaka 1998 zaire mpya 100.000 zikawa falanga 1. Tukizidisha, falanga 1 ni sawa na zaire za zamani 300.000.000.000. Sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa twasema miliari 300. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya husema bilioni 300, na bilioni ya vitabu vyetu ni kubwa kuliko yao mara elfu. Angalieni msipotee hapo! Mtu akihesabu moja kwa kila sekunde, usiku na mchana, atapitisha miaka zaidi ya 9.500 kabla ya kumaliza.

Ukubwa wake watisha, lakini asili yake ni nyepesi. Tukiivunja hata mwisho, twakuta hesabu tatu tu zisizovunjika: 3 mara moja, 2 mara kumi na moja, 5 mara kumi na moja. Kwa hiyo twaweza kujua idadi ya vigawanyo vyake pasipo kuvitafuta kimoja kimoja. Katika kigawanyo chochote, 3 yaweza kuwamo ao kukosa: njia 2. Mbili yaweza kuingia tangu mara 0 hata mara 11: njia 12. Tano vilevile. Basi 2 × 12 × 12 = 288, wala hakuna cha 289.

Saba haimo kati ya zile tatu, kwa hiyo haiwezi kuigawanya kamili. Kila mtoto angepata 42.857.142.857, na ingebaki 1. (Jaribuni wenyewe kwa 9: itabaki 3.)

Lakini noti za mama zilikuwa zaire 60.000.000 tu, maana yake sehemu moja ya 5.000 ya falanga. Nilimwandikia yote katika karatasi. Hakuangalia zile zero. Alitia kidole juu ya ile 1 iliyobaki. Mwaka 1967, zaire ilipoanza, zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. «Hii moja,» akasema, «niliijua.» Akafunga sanduku, akarudi nalo nyumbani.