Sitara ya Ute

Mtu akielezwa kwamba kinachoitenga damu yake na halaiki ya bakteria, ambao kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2016 wanakadiriwa kuwa trilioni 38 na wengi wao wamo katika utumbo mpana, ni safu moja tu ya seli, nyembamba kuliko karatasi, na kwamba seli hizo hazidumu ila siku tatu hata tano kabla ya kupukutika na kurithiwa na nyingine, hakosi kustaajabu kuwa tunaamka salama.

Siri ya kwanza ni ute. Katika safu ile zimo seli zenye umbo la bilauri, ambazo usiku na mchana hutoa ute, nao katika utumbo mpana hujipanga matabaka mawili: la nje, lililolegea, ndimo bakteria walimofanya maskani yao, wakila sukari zake; la ndani, lililoshikamana na ukuta, ni zito hata bakteria hawalipenyi ila kwa nadra. Humo pia hutiwa kingamwili ya aina A, ambayo mwili huitengeneza kwa wingi kuliko zote. Tumezoea kuinena kinga kwa lugha ya vita, na mimi naona lugha hiyo inatupoteza, maana kingamwili hii aghalabu haiui: huwashika bakteria, huwagandamanisha, ikawazuia wasiusogelee ukuta, kisha ikawaacha waishi.

Walakini huwezi kumstahamili jirani usiyemjua. Katika utumbo mwembamba mna vivimbe alivyovieleza tabibu wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, mwaka 1677. Juu yake seli maalumu huokota bakteria mmojammoja na kuwakabidhi kwa seli za kinga zilizo chini, ili ziwatambue. Panya waliolelewa pasipo bakteria wowote, vivimbe hivyo hudumaa na kingamwili ile huwa haba. Basi ni dhahiri kwamba kinga husomeshwa na hao hao inaowachunga.

Na ujirani huu una ijara yake. Nyuzinyuzi za kunde, mtama na mboga, tusizoweza kuzimeng'enya wenyewe, bakteria huzichachua wakatoa butireti, iliyo chakula kikuu cha seli za utumbo mpana, na ambayo pia huzisaidia zile seli za kinga zenye kazi ya kutuliza hamaki za wenzake. Panya walionyimwa nyuzinyuzi, bakteria wao waliugeukia ute wenyewe wakaula, hata sitara ikapungua unene, na kijidudu cha maradhi kikapata njia ya kuufikia ukuta.