Tableti ya Masomo: Lipia Kioo, Usilipie Tangazo

Ukisoma kampasi ya Kenya Science hapo Ngong Road, Nairobi, au ukipanda matatu Dagoretti Corner kila asubuhi kwenda kampasi ya mjini, notisi zako nyingi zinakuja kwa PDF. Kwenye simu zinaumiza macho. Kuzichapisha nako ni gharama: kurasa 400 kwa shilingi 5 kila ukurasa ni shilingi 2,000, na hilo ni somo moja tu. Tableti nzuri inarudisha pesa yake. Mbaya inaila mara mbili.

Anza na kioo. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Tableti ya inchi 8 ukiishika wima ina upana wa sentimita 11 hivi, kwa hivyo ukurasa unabanwa hadi nusu, na herufi za ukubwa wa 12 zinasomeka kama za 6. Utashinda ukiuvuta ukurasa kwa vidole, kushoto na kulia, mstari baada ya mstari. Ya inchi 10 inakupa sentimita 13 hadi 15, na hapo mtu anasoma sura nzima bila kukuza maandishi. Kama pesa inatosha ya inchi 8 mpya au ya inchi 10 iliyotumika, chukua ya inchi 10.

Vile visomeo vya kioo cha wino, visivyochosha macho na vinavyokaa na chaji wiki kadhaa, ni vizuri kwa riwaya. Kwa vitabu vya kemia na michoro ya rangi havifai: vingi ni vya inchi 6 au 7, na kikipasuka ni vigumu kupata fundi mwenye kioo chake.

Kumbukumbu ndiyo inayotangazwa sana, na ndiyo usiyohitaji sana. RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 zinatosha kusoma, kuandika na kuhudhuria darasa la mtandaoni, mradi kuna nafasi ya memori kadi. Ukiona tableti ya bei ya simu ndogo imeandikwa GB 512 na 5G kwenye boksi, shuku. Fungua mipangilio papo hapo uangalie toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama tarehe hiyo ni ya miaka mitatu iliyopita, rudisha kaunta.

Ya laini au ya Wi-Fi pekee? Ya Wi-Fi. Ya laini huuzwa ghali zaidi, kisha inakudai bando lake. Vyuo vikuu vingi vina mtandao wa eduroam unaoendeshwa na KENET, shirika linalounganisha vyuo vya Kenya kwenye intaneti. Pakua vitabu ukiwa kampasi, nyumbani usome bila intaneti, na siku ya dharura washa hotspot ya simu.

Sasa duka. Luthuli Avenue bei hushuka ukibembeleza, ila usimfuate broka anayekushika mkono barabarani, maana kamisheni yake inaongezwa kwenye bei yako. Maduka ya mall za Ngong Road ni ghali kidogo, lakini mengi hutoa waranti ya mwaka mzima. Waranti ya duka la uchochoroni huwa ya majuma machache, na mara nyingi haigusi kioo wala betri, yaani vile vitu viwili vinavyoharibika kwanza. Kabla ya kulipa, muulize fundi bei ya kioo cha modeli hiyo. Akisema hakipatikani, tafuta modeli nyingine.

Iliyotumika inaokoa pesa nyingi, kwa masharti. Hakikisha akaunti ya mmiliki wa kwanza imeondolewa na uiwashe upya mbele ya muuzaji. Ikidai nenosiri la mtu usiyemjua, huenda ni ya wizi, na kwako itakuwa kigae. Mgongo ukiwa umevimba, betri imekufa. Na kwa zile za iPad, kuna modeli za zamani kama Air 2 zilizoachwa nje ya iPadOS 16 tangu 2022: bado zinang'aa, ila programu mpya zinazikataa moja baada ya nyingine.

Mtego mkubwa ni kulipa polepole. Tuseme tableti ya shilingi 20,000 taslimu. Unaambiwa weka 4,000, kisha 75 kila siku kwa mwaka. Sabini na tano inaonekana ndogo, bei ya nauli. Piga hesabu: 27,375 jumlisha 4,000 ni 31,375. Umelipa 11,375 zaidi, na ukikosa siku chache wanaweza kuifunga ukiwa na mtihani kesho. Chama au mkopo wa sako ni nafuu kuliko hivyo, karibu kila mara.

Ongeza kava, protekta na kibodi ya Bluetooth kwenye bajeti kabla hujatoka nyumbani. Bila kava, safari moja ya matatu iliyojaa inatosha kuvunja kioo.

Na kama huna kompyuta kabisa, huku kozi yako ina takwimu au uprogramu, tableti si ununuzi wa kwanza. Nunua laptopu iliyotumika. Ni nzito na chaji yake ni fupi, lakini itaendesha programu ambazo tableti haiwezi. Mwanafunzi wa fasihi, historia au sheria anaweza kuanza na tableti na kibodi.

Lipa kwa nambari ya biashara, si simu ya mtu, na udai risiti yenye nambari ya mashine. Maneno "mali ikiuzwa hairudishwi" yasikutishe: Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 iko upande wako. Muuzaji akikataa kuandika risiti, ondoka na pesa yako.