Foki ya Mbele Imeua Mshahara wa Nani? Baiskeli za Umeme Milimani



Katika tawi letu hapa magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, tunao wanachama ambao kazi yao ni kuwaongoza watalii kwa baiskeli. Zamani walipanda baiskeli za kawaida. Siku hizi waajiri wanaleta baiskeli za umeme za milimani, zenye betri na mota ndogo inayomsaidia mpandaji kila anapokanyaga pedeli. Mtalii anafurahi, maana mlima umekuwa kama tambarare. Mfanyakazi naye anafurahi, mpaka atakapoanza kuteremka.

Mwenzetu mmoja alikuwa akiteremka nyuma ya wageni wake. Mgongoni na kwenye keria alibeba spana, mipira ya akiba, maji ya watu wanne na sanduku la huduma ya kwanza. Akakuta mfereji uliochimbwa na mvua katikati ya njia. Akashika breki, gurudumu la mbele likaingia mferejini, na foki ikakatika. Alivunjika mtulinga, na meno mawili yakang'oka. Alipokuwa bado amefungwa mkono shingoni, mwajiri wake alimwandikia barua kwamba ameharibu mali kwa uzembe, na kwamba bei ya foki mpya itakatwa katika mshahara wake kidogo kidogo.

Barua hiyo ndiyo iliyotufanya sisi wa ofisi ya tawi tujifunze habari za foki. Hatukuwa tunajua lolote zaidi ya kwamba ni kile kipande cha mbele kinachoshika gurudumu, chenye miguu miwili na springi ndani. Sisi hatukusoma sana, wengi wetu tumeishia darasa la saba. Lakini chuma kilichokatika hakihitaji kusoma sana, kinahitaji kutazamwa.

Tulidai tupewe foki yenyewe kabla ya kikao. Mwajiri alikataa, kisha akakubali. Tukaipeleka kwa fundi mzee wa pikipiki, akaifuta oili na kuigeuza juani. Lile bomba linalopanda kutoka kwenye bega la foki, likapita ndani ya kichwa cha fremu mpaka kwenye usukani, ndilo lililokatika. Sisi hapa tutaliita shina. Fundi akatuonyesha mkato. Upande mmoja ulikuwa mweusi wenye kutu, na upande wa pili uling'aa kama shilingi mpya. Akasema, kutu haiingii kwa siku moja. Maana yake ufa ulianza zamani, ukawa unatambaa kila siku ya kazi, na siku ile kilichobaki kilikuwa kimeshindwa kubeba. Mfereji ulimalizia tu.

Tulirudi kikaoni na foki ndani ya gunia, tukaiweka mezani. Hatukuwa na hoja nyingine yenye nguvu kuliko hiyo.

Swali lililofuata likawa hili: kwa nini ufa ulianza? Tuliipima baiskeli ya namna ileile kwenye mzani wa kahawa, ikawa kilo 24. Baiskeli ya milimani isiyo na mota huwa kama kilo 13 au 14. Mpandaji kilo 78, mzigo wake kilo 14. Jumla kilo 116. Tena ilikuwa imetengenezwa kiwandani kama baiskeli ya kawaida ya bei nafuu, halafu mota na betri vikafungwa baadaye. Foki ilibaki ileile iliyokusudiwa kijana anayekwenda dukani. Mota haikuongeza uzito peke yake. Imeongeza pia mwendo wa kupanda, kwa hiyo mwongozaji aliyekuwa akiteremka mara moja kwa siku sasa anateremka mara tatu. Foki inachoka mara tatu, na mikono yake pia. Wanachama walikuwa wamelalamika ganzi ya vidole miezi mingi kabla ya ajali. Ofisi ya mwajiri iliwajibu kwamba wapake dawa ya kuchua.

Ng'ambo ya mpaka, pale Goma, vijana wanasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli inayobeba magunia na magogo. Mwaka 2009 walijengewa hata sanamu mjini. Anayechonga chukudu huanza na kujua itabeba nini, ndipo achague unene wa mti. Aliyetununulia baiskeli zetu alianza na bei.

Basi, ndugu, ukiulizwa na mwajiri wako ni foki ya namna gani mnataka, au ukiwa umeweka akiba zako kununua baiskeli yako mwenyewe, anza na uzito. Pima baiskeli, mtu na mzigo pamoja. Kisha dai karatasi ya kiwanda inayosema uzito ambao foki imeruhusiwa kuubeba, na kama imeruhusiwa kwa baiskeli ya umeme. Viwanda vingine hutengeneza foki maalumu kwa baiskeli hizi, zenye bega na shina nene zaidi. Lakini jihadhari na kibandiko. Kibandiko cha umeme hubandikwa na mtu yeyote mwenye gundi. Karatasi ndiyo inayoweza kuletwa kikaoni.

Unene wa miguu unaweza kuupima bila chombo cha gharama. Zungusha uzi mara moja kwenye lile bomba la juu linalong'aa, kisha uunyooshe kwenye rula. Uzi wa milimita 88 maana yake bomba lina kipenyo cha milimita 28, na hiyo ndiyo tuliyoikuta kwenye foki iliyokatika. Uzi wa milimita 107 ni bomba la 34, wa milimita 113 ni bomba la 36. Zipo mpaka za 38 kwa wale wanaorukaruka majabali. Kwa kazi ya kuongoza watalii na mzigo wa wastani, sisi tunasema isipungue 34. Unene huu si wa kubeba tu. Breki ya diski hushika mguu mmoja wa foki, ule wa kushoto, nao unataka kujipinda kila unapobana. Bomba jembamba linajipinda, gurudumu linapoteza njia, na mpandaji anadhani yeye ndiye hajui kuendesha.

Tazama pia ekseli. Foki za bei nafuu hushika gurudumu kwa ekseli nyembamba na kijiti cha kukaza kwa kidole, nayo imekaa kwenye mdomo ulio wazi kwa chini. Foki imara ina tundu kamili kila upande, na ekseli ya milimita 15 hupitishwa toka upande mmoja hadi wa pili ikakazwa kwa nyuzi. Faida yake ni kubwa, ila gurudumu la zamani halitaingia, utahitaji habu nyingine. Mwajiri mjanja atatumia jambo hilo kusema gharama imekuwa kubwa mno. Mwambieni mapema, ili lisije kuwa kisingizio baadaye.

Kuhusu shina, fremu za zamani huchukua shina lililonyooka la milimita 28.6 juu mpaka chini. Fremu nyingi za sasa huchukua shina linalonenepa chini mpaka milimita 38 hivi, na hilo ndilo imara. Shina nene haliingii kwenye kichwa chembamba, hata fundi akiapa. Urefu nao usizidi ule uliowekwa na aliyetengeneza fremu. Vijana hupenda foki ndefu kwa sababu wameiona kwenye picha. Kila milimita 20 zinazoongezwa mbele huinamisha kichwa cha fremu nyuma kwa kiasi cha nyuzi 1, gurudumu la mbele linaanza kutangatanga mlimani, na fremu inabeba nguvu ambayo haikupimwa kwayo. Kwa njia zetu foki inayozama milimita 120 inatosha.

Sasa tufike kwenye jambo lililogawa mkutano wetu mpaka saa moja ya usiku: springi ya chuma au hewa?

Mafundi wote walikuwa upande wa chuma. Springi haivuji. Haihitaji pampu. Vumbi likiingia itapiga kelele, lakini itaendelea kukubeba mpaka nyumbani. Foki ya hewa inategemea sili za mpira, na sili ikiisha katikati ya safari foki inalala chini na mpandaji anabaki kama anasukuma toroli. Tena inataka pampu yake yenyewe ndogo ya shinikizo kubwa, ile ya tairi haifai.

Waongozaji wakajibu kwa jambo ambalo mafundi hawakulifikiria. Baiskeli si ya mtu mmoja. Asubuhi anaipanda mama wa kilo 55, jioni anaipanda mwanamume wa kilo 90 na mzigo. Springi ya chuma ina ugumu mmoja. Kile kitufe cha kuzungusha kilicho juu hakiibadili kuwa ngumu zaidi, kinaisukuma kidogo tu pale inapoanzia. Ili kubadili ugumu lazima utoe springi uweke nyingine. Springi inayomfaa mwanamume yule haimsaidii yule mama hata kidogo, mikono yake inapigwa kama hakuna springi. Hewa unaiongeza au kuipunguza kwa dakika mbili.

Sisi tuliingia mkutanoni tukiwa upande wa mafundi, tukatoka tumebadilika nusu. Msimamo wa tawi ni kwamba baiskeli aliyokabidhiwa mfanyakazi mmoja iwe na springi ya chuma iliyochaguliwa kwa uzito wake pamoja na mzigo. Baiskeli ya kupokezana iwe na foki ya hewa, kwa sharti kwamba pampu na sili za akiba ziko stoo kabla baiskeli haijatoka. Lakini kila foki lazima iwe na oili inayopunguza mrudisho. Zipo foki za bei ya chini zenye springi tu. Hizo zinapozama zinarudi juu kwa kishindo, kama punda anayemrusha mtu. Kwenye mteremko mkali afadhali foki ngumu isiyo na springi kabisa na tairi nene kuliko hiyo. Kuna ndugu walitucheka kwa maneno haya, nasi tunayarudia.

Kuipima ni rahisi. Funga kipande cha mpira wa tairi kwenye bomba linalong'aa, ukisogeze mpaka chini. Panda na mzigo wako wa kazi, kaa kimya, shuka polepole. Kwenye foki ya milimita 120, mpira uwe umesogea milimita 24 hadi 30. Ukisogea zaidi, foki ni laini mno kwako, itafika mwisho na kugonga. Usiposogea, unabeba springi bure.

Matengenezo nayo yana hila. Kiwanda cha RockShox, ambacho kilianza kutengeneza foki hizi mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya mashindano, huagiza kwa foki zake nyingi kwamba miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa oili mpya kila saa 50 za kupanda. Kwa bwana anayepanda Jumamosi tu, saa 50 ni miezi. Mwongozaji anayekaa juu ya baiskeli saa 5 kwa siku anazimaliza kwa siku 10 za kazi. Mwajiri wetu alikuwa na ratiba ya mara moja kwa mwaka. Tumedai daftari la saa kwa kila baiskeli, litiwe saini na mpandaji na fundi, na mara moja kwa mwezi foki itolewe kwenye fremu ili shina litazamwe kama lina ufa. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa.

Na gharama ni ya nani? Foki ni chombo cha kazi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Juni 2022 Shirika hilo liliuingiza mkataba huo katika ile mikataba ya msingi ambayo kanuni zake zinapaswa kuheshimiwa na nchi zote wanachama. Hapa Uganda tunayo pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006. Tulisoma kifungu cha 21 kwa sauti kikaoni, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, kwa sababu meneja alisema Kiswahili chetu hakielewi. Foki mezani alikuwa anaielewa vizuri.

Barua ya kukata mshahara ilifutwa. Matibabu ya mwenzetu yalilipwa, meno hayakulipwa, na kwa hayo tunaendelea. Foki mpya zenye miguu ya milimita 34 zimeshafika, lakini zilizofungwa kwanza ni zile za baiskeli za watalii. Baiskeli za waongozaji sita bado zina foki za zamani. Wanachama wameamua kwamba asiyefungiwa foki mpya hateremki na mzigo, mzigo utashushwa kwa gari. Mpaka tunapoandika haya gari limeshateremka mara nne, na dereva wake naye ameomba kujiunga na chama.