Mfumo mpya ukigoma kufunguka, usikimbilie kufuta diski

MICROSOFT ilikomesha huduma kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, hatua iliyowasukuma wenye kompyuta kuukuu, Kitale hata Bungoma, kutafuta mfumo mwingine.

Iwapo kompyuta yako yawaka lakini mfumo mpya haufunguki, chomoa kwanza flashi uliyotumia, kisha uiwashe upya.

Ikishindikana, bonyeza F2 au Delete mara inapowaka. Hakikisha diski inatambuliwa na imetangulia katika orodha ya kuwashia. Aidha, mfumo uliowekwa kwa njia ya UEFI haufunguki mashine ikiwa katika BIOS ya zamani, wala kinyume chake.

Fundi akitaka kufuta diski kabla ya ukaguzi huu, mzuie. Huenda kumbukumbu za duka au shule zingali salama.