Beringi za Trela Zisisahauliwe

Dereva hodari hulitunza lori lake, lakini trela la maji alivutalo husahaulika, kwa kuwa halina injini ya kunguruma wala taa ya kuonya. Beringi ikikwama katika njia za Karamoja, gurudumu huweza kuchomoka, likamwua mpita njia na kuwaacha askari bila maji.

Twawasihi madereva wetu, wa jeshi na wa polisi, kila wasimamapo waiguse haba kwa tahadhari. Iliyo moto kuliko nyingine imekwisha kutoa taarifa, wala haikuhitaji fomu.

Adui mkubwa ni maji. Haba yenye moto ikizama mtoni, hewa iliyomo hupoa na kusinyaa, ikavuta maji kupitia sili iliyochakaa. Grisi hugeuka nyeupe kama maziwa, na chuma huota kutu. Baada ya kivuko chenye kina, fundi na aifungue.

Beringi ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe bila kuzungushwa kwa upepo wa kompresa. Yenye vishimo au rangi ya samawati ya kuungua itupwe pamoja na kikombe chake. Grisi mpya ishindiliwe mpaka itokeze upande wa pili, wala isichanganywe na ya aina nyingine. Nati ikazwe huku gurudumu likizungushwa, ilegezwe, halafu ikazwe kwa vidole tu. Wako waikazao kwa nguvu zote wakidhani ndio uimara: hao huiunguza beringi mpya. Sili iwe mpya, na pini ya kufungia nati vilevile.