Ngao ya Kingoni: Kinga ya Ngozi na Mipaka Yake

Ngao ya Kingoni ni kipande cha ngozi ya ng'ombe chenye umbo la yai, kilichopitishiwa mti katikati. Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea, kilomita kama 100 kutoka Mbinga, huhifadhi ngao pamoja na mikuki na zana nyingine za vita.

Kazi ya kuitengeneza huanza kwa kuiwamba ngozi mbichi juani. Ikishakauka na kukwanguliwa upande wa ndani, hukatwa umbo lake, kisha hutobolewa safu mbili za mipasuo katikati, kutoka juu hadi chini. Kanda za ngozi ya rangi nyingine hupitishwa humo, nje na ndani, mithili ya mtu anayesuka mkeka. Kwa nyuma, kanda hizo huubana mti mrefu, ambao ndio uti wa mgongo wa ngao na ndio mpini wake. Manyoya hubaki upande wa nje, hivyo rangi ya ng'ombe huonekana waziwazi.

Ngao hii ilitoka kusini mwa Afrika. Wangoni walioongozwa na Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835 na kufika hadi Ufipa. Baada ya kiongozi huyo kufariki huko mwishoni mwa miaka ya 1840, wafuasi wake waligawanyika, na baadhi yao wakaingia nchi ya Songea. Humo zilisimama dola mbili, Njelu na Mshope, kila moja na Nkosi wake, yaani mfalme, na manduna wake, yaani wakuu wa chini yake. Askari alishika ngao mkono mmoja na mkuki mfupi wa kuchomea mkono wa pili. Akijikinga, alisogea karibu na adui, kwa sababu mkuki huo haukuwa wa kurusha.

Majirani waliovamiwa na Wangoni walitafuta kinga ya namna nyingine. Wamatengo wa Mbinga walikimbilia milimani, na kubanana kwao huko kunahusishwa na kilimo cha ngolo, yaani mashimo yanayozuia mmomonyoko kwenye miteremko mikali. Katika ufuko wa Ziwa Nyasa, baadhi ya watu walihamia kwenye miamba, na wengine wakajenga vibanda juu ya nguzo majini. Wamatengo walikingwa na mlima, na watu wa ufukoni wakakingwa na maji.

Kwingineko nako kinga ilifuata silaha ya adui: Ulaya, katika karne ya 15, tatizo lilikuwa upanga, rungu la chuma na mshale. Wahunzi wa Milan, Augsburg na Nuremberg walifua kofia za chuma cha pua zenye mgongo wa duara, ili pigo liteleze. Ndani ziliwekewa kitambaa kilichojazwa pamba au sufu, kichwa kisipate mshtuko. Nyingi zilikuwa na uzito wa kilo mbili hadi tatu. Bunduki ilipozidi nguvu, mavazi ya vita ya chuma yalianza kuachwa.

Ngao ya ngozi ilikutana na risasi katika Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, vilivyoanza mwaka 1905. Wapiganaji walitumaini dawa ya maji ingewakinga, lakini bunduki za Wajerumani, zikiwamo za rashasha, ziliwashinda. Tarehe 27 Februari 1906, viongozi na wapiganaji wengi wa Kingoni walinyongwa Songea, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama. Siku hiyo hukumbukwa hapo kila mwaka.

Kofia ya chuma ikilindwa dhidi ya kutu hudumu miaka 500 na zaidi. Ngozi haina maisha hayo: unyevu huiozesha, wadudu huila, na panya huitafuna. Ndiyo maana kila ngao ya zamani iliyosalia ni hazina. Familia yoyote ya Songea, Mbinga au Nyasa iliyo na ngao au mkuki wa mababu na iuweke pakavu, mbali na moshi na sakafu, iandike ulikuwa wa nani, kisha iwashirikishe wataalamu wa makumbusho kabla wadudu hawajaanza kazi yao.