Moto wa Tumbo: Kibichi na Kilichopikwa

Ayurveda, tiba ya kale ya Bara Hindi, hulifananisha tumbo na jiko. Moto wa jiko hilo huitwa agni. Ukiwaka vizuri, chakula huiva mara ya pili ndani ya mwili na kugeuka damu, nyama na nguvu. Ukififia, hubaki masalia mazito yanayoitwa ama, ambayo waganga wa Ayurveda huyahesabu kuwa chanzo cha maradhi mengi. Kupika, basi, ni kulipunguzia tumbo kazi kabla chakula hakijafika mdomoni.

Chakula kibichi, kwa hesabu hiyo, ni baridi, kikavu na kigumu. Huzidisha vata, asili ya upepo mwilini, na dalili zake ni gesi, tumbo kujaa na choo kigumu. Charaka Samhita, kimojawapo cha vitabu vikuu vya tiba hii, kinaagiza chakula kiliwe cha moto, kiwe na mafuta kidogo, kwa kiasi, na baada ya mlo uliotangulia kusagika. Hata hivyo kibichi hakikukatazwa. Mwenye moto mkali tumboni anaweza kula kachumbari, hasa mchana na wakati wa joto. Mgonjwa hupewa mchele na choroko vilivyopikwa pamoja hadi kulainika, vikatiwa tangawizi na bizari.

Fikra hizi si ngeni kwa Waswahili. Tiba ya Kiyunani, iliyofika pwani kupitia Waarabu, nayo hupima vyakula na magonjwa kwa joto, baridi, unyevu na ukavu. Alama yake imebaki katika lugha: maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, yaani baridi kavu. Ayurveda nayo huyahusisha maumivu hayo na vata, yenye sifa zilezile mbili.

Mfano wa upishi unaolingana na fikra hizo uko Miyuji, kata ya Jiji la Dodoma, katika nchi ya Wagogo, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili. Majani mabichi hupatikana kwa miezi michache, hivyo huanikwa juani na kutunzwa ili kiangazi yapikwe mlenda, mboga yenye utelezi. Maji yakichemka hutiwa magadi kidogo, kisha majani makavu yaliyosagwa, huku yakikorogwa mpaka mlenda uvutike kama uzi. Hufuata nyanya na karanga zilizotwangwa. Mlenda huo huliwa wa moto, kwa ugali wa mtama au uwele: laini, wenye mafuta kidogo, kama Charaka Samhita kinavyoagiza.

Sayansi ya leo haina kipimo cha agni wala ama. Huzungumzia asidi ya tumbo, vimeng'enya na bakteria wa utumbo. Lakini katika mengi inaafiki upishi. Wanga uliopikwa hufura na kusagika upesi. Katika utafiti mmoja wa mwaka 1998, protini ya yai lililopikwa ilimeng'enywa kwa asilimia 91, ya yai bichi kwa asilimia 51 tu. Maharage yasiyoiva yana lektini, sumu inayotapisha, ambayo huharibiwa kwa kuchemsha sawasawa. Karotini ya mboga za majani, inayogeuka vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi zikipikwa pamoja na mafuta, na hapo ndipo karanga za mlenda zinapofanya kazi.

Yapo mambo yanayokwenda kinyume. Protini ya mtama ikipikwa kwa maji huwa ngumu zaidi kumeng'enywa kuliko ikiwa mbichi. Kuuchachusha unga kabla ya kupika uji hupunguza tatizo hilo. Vitamini C hupungua kwa jua na moto, na magadi huzidi kuiharibu. Pengo hilo huweza kuzibwa na ubuyu, tunda la mibuyu iliyotapakaa Dodoma, ambao unga wake hukorogwa kwenye maji na kunywewa bila kupikwa. Zabibu za Dodoma nazo huliwa mbichi.

Kwa mlaji wa kawaida, nafaka, maharage na mboga ngumu ni vya jikoni. Matunda na kachumbari ni vya kuliwa vibichi, vikioshwa kwa maji safi na salama. Mwenye tumbo linalojaa gesi aanze na kibichi kidogo, wakati wa mchana. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyokoma au choo chenye damu aende kituo cha afya.